Sahani Iliyobaki Kichanjani

Swabra anaogopa maji, na haoni haya kukuambia. Mvua ikianza kugonga mabati ya shule ya masista, huacha mwiko jikoni akatoka kuutazama uwanja. Wasichana humtania kwamba anachungulia mchumba. Wacheke tu. Wengi wao hawakuwepo siku ile.

Shule hiyo amekua nayo. Masista wawili wa kwanza walifika pande za Garsen mwaka wa njaa, wakajenga banda la makuti juu ya kilima kidogo, wakapika uji. Kengele hawakuwa nayo. Mmoja wao aligonga kifuniko cha sufuria kwa upawa, na watoto wakatoka mashambani mbio. Wazazi Waislamu walikuwa na wasiwasi wao. Mzee Nuhu, baba yake Swabra, alimwambia, "Uji wao kunywa, dini yao waachie wenyewe." Akanywa, akajifunza kusoma, na alipokuwa mtu mzima akakabidhiwa jiko lilelile. Mpaka leo huswali stoo, kando ya magunia ya maharagwe, na sahani yake hukaa kichanjani pamoja na za wasichana, jina limekwaruzwa chini kwa msumari kama zao.

Madarasa na mabweni yalijengwa baadaye, chini kwenye tambarare, na kengele ikatundikwa uwanjani; kifuniko kikabaki cha kuitia chakula. Wazee wa Kipokomo walionya kwamba pale Tana ilipita zamani, na mto hausahau njia yake. Swabra alikuwa ameyasikia hayo tangu utotoni. Lakini ikapita miaka mikavu, nani angeyakumbuka? Sheria ya kengele ilikuwa moja: ikilia, simama mstarini uwanjani, kimya, mpaka sista aje akuhesabu.

Jumamosi ile alasiri mto ulikuwa umefura. Sista Tamar, mwalimu mkuu, alikuwa ameenda Garsen kutafuta mashua ya kuwahamisha watoto. Laban, bawabu, akaja mbio kutoka mtoni.

"Mama Swabra, tuta la mto limekatika! Maji yaja!"

Swabra aliteremka uwanjani akaivuta kamba ya kengele kwa nguvu zake zote. Wasichana wakamiminika kutoka mabwenini, wakapanga mstari. Kiranja wao, Mwanaarusi, mjukuu wake Swabra, akasimama mbele. Hapo ndipo akili ilipomrudia Swabra: alikuwa amewaita watoto wa watu kwenye njia ya mto.

Maji ya tope yalishafika vifundoni. "Pandeni juu!" alipiga kelele. "Pandeni jikoni!" Mvua ikaimeza sauti yake. Waliomsikia walimtazama Mwanaarusi, naye akatikisa kichwa, maana sista hajaja. Wamefunzwa wakafunzika! Swabra alimvuta mmoja mkono, akampandisha hatua chache, mtoto akachomoka akarudi mstarini. Maji ya namna hiyo huja na mamba.

Ndipo alipokimbia jikoni, akanyakua kifuniko cha sufuria kubwa na upawa, akagonga. Akagonga kama mwenye wazimu. Saa hizo ni za njaa, na tumbo halina kiranja. Mstari ukavunjika. Wasichana wakapanda kilima mbio, kila mmoja akichukua sahani yake kichanjani, wakajipanga mlangoni kama kawaida.

Mwanaarusi bado alikuwa chini, maji kiunoni, akiwasukuma wadogo huku Laban akiwapokea. "Ya Rabi, usininyang'anye," Swabra alisema, mkono ukigonga. Gogo kubwa likapita pale pale mstari ulipokuwa. Mwanaarusi akafika wa mwisho, akachukua sahani yake.

Swabra akageukia kichanja. Ilibaki sahani moja.

Akadondosha kifuniko. Alitazama uwanja, na sasa haukuwa uwanja tena, ni mto tu, mpana, wa rangi ya chai. Mtoto wa nani? Akaanza kuteremka kuyaendea maji. Laban akamshika kiuno, naye akamuuma mkono.

"Niache! Ni mimi nimewaita! Kuna mmoja amebaki!"

Nyuma yao Mwanaarusi aliichukua ile sahani, akaigeuza, akasoma chini yake. Akaja nayo mbio kwenye mvua.

"Bibi," alisema, "hii si yako?"