Rangi Isiyobadilishwa Kebirigo

Kazi yangu ni kuchora njia za mwanga. Intaneti hupita ndani ya nyuzi za kioo kwa rangi, ingawa rangi zenyewe hakuna jicho linaloziona. Rangi ikiwa na nafasi kutoka Kisii hadi Nyamira, inapita moja kwa moja. Ikikuta njiani kuna nyingine kama yenyewe, lazima mojawapo ibadilishwe, na kifaa cha kubadilisha kina bei ya kumtoa bosi machozi. Kwa hiyo niliweka kimoja tu, Keroka, ambako njia zinagongana. Kwingine kote nilizipanga rangi zisikutane. Bosi alinisifu akasema, "Sawa."

Nyumbani Kebirigo kifaa nilikuwa mimi. Mke wangu ni wa Mombasa, na mama haongei ila Ekegusii. Mke alikubali kukaa mwezi mmoja aone kama anaweza kuhamia. Akishindwa angerudi kwao, nami nampenda, sikutaka arudi. Basi kila mlo nilikaa katikati yao nikibadilisha. Mama akiuliza mtu mwembamba hivi atalimaje, nilisema anauliza habari za safari. Ugali ulikuwa unapoa.

Siku moja nilichelewa Keroka. Nilirudi roho mkononi, nikamkuta mke wangu jikoni anatabasamu.

"Mamako kaonja chinsaga niliyopika," akasema. "Kaniita mbuya."

Kwao mbuya ni rafiki wa chanda na pete. Kwetu ni "nzuri", na iliyosifiwa ilikuwa mboga.

Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Neno lilikuwa limepita lenyewe na limefika. Sikuona sababu ya kuongeza gharama.

Ila mama si mtu wa kufichwa. Aliniita kando akauliza kwa nini mke wangu siku hizi anamwita "nzuri" asubuhi na jioni. Nikamweleza. Alifuta mikono kwenye leso, polepole.

"Umemwambia?"

"Bado, mama."

"Usimwambie."

Kesho yake alisimama mlangoni akamwita aje wakachume majani chai. Alimwita Mbuya. Mke wangu akaitika, akavaa gambuti za mama zilizompwaya, wakashuka shambani, kila mmoja akiongea lugha yake.

Mwezi ulipoisha nilimuuliza kama nimkatie tiketi ya Mombasa.

"Nimwache mbuya wangu na nani?" akasema.

Mimi hakunitaja.