Kofia Mkononi Wakati wa Sala

Kaka yangu alikuwa anafanya kazi Afrika Kusini, akirusha watalii kwa miamvuli. Mwaka juzi akaanza kuruka na vazi la mabawa, lile lenye kitambaa kati ya mikono na mbavu na katikati ya miguu, linalompeleka mtu mbele angani kabla hajafungua mwamvuli. Huku kwetu Mbezi Luis majirani wakamwita popo. Mama hakucheka. Kila anapotaka kuruka, lazima kwanza apige simu aombewe.

Siku ile ilikuwa raundi ya mwisho ya mashindano. Akifikisha kasi iliyotakiwa, angeajiriwa kuwa mkufunzi wa mabawa. Akikosa, mkataba wake ulikuwa unaishia hapo. Mama alikuwa anapeta mchele, kwa hiyo mie ndiye niliyemshikia simu. Kaka alionekana kwenye kioo, yuko uwanjani, ndege ikinguruma nyuma yake.

"Unaombewa na kofia kichwani, baba?" mama akamuuliza. "Uko sokoni?"

Akaivua ile kofia ngumu, akaikumbatia tumboni, akainama. Mama aliomba kama wanavyoomba watu wa kwao, bila haraka. Alimtaja rubani, akautaja upepo, akaombea hata kamba za mwamvuli. Alipofika amina, kaka alishaanza kuitwa ndegeni.

Kifaa cha kupimia kasi kilikuwa nyuma ya ile kofia. Kinahitaji dakika kadhaa za kuona anga wazi ili kishike setilaiti, na dakika zote hizo kilikuwa kimelalia tumbo la kaka. Niliyajua hayo baadaye, aliponitumia rekodi zake. Kifaa kile kina ukweli kuliko watu wengi: kila kinapoandika kasi, pembeni kinaandika pia kiasi cha wasiwasi wake, yaani huenda kimekosea kwa kiasi gani. Kasi ya siku ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupata, lakini wasiwasi ulipita kiwango kinachoruhusiwa. Waamuzi wakaufuta mruko. Kifaa kingine, cha mkononi, kilijua tu alivyoshuka, si alivyokwenda mbele, kwa hiyo hakikuweza kumtetea.

Niliandika rufaa yake kwa siku mbili. Mie ninayejiona naishi kwa maneno sikupata sentensi ya kurudisha setilaiti hata moja. Walijibu kwa adabu kwamba huenda kweli alikuwa na kasi ile, ila hawana namna ya kuijua.

Kaka aliniomba jambo moja. "Usimwambie mama ilikuwa sala."

Mama akaniuliza mwanawe alikwenda kwa kasi gani. Nikasema haijulikani.

"Wewe si ndiye msomi? Kadiria basi."

Nikamtajia ile namba waliyoifuta waamuzi. Akairudia polepole, akaipenda. Jumapili nilimsikia akiwatajia wanakwaya wenzake. Kaka huko aliko alikuwa ameshaanza kufungasha, na mie nilisimama pale mlangoni mwa kanisa.