Safu Sabini na Nane

Kidole gumba cha mkono wa kulia kiligoma Jumatano asubuhi, sweta ikiwa imebaki mkono mmoja tu imalizike. Hakikuuma sana. Kilijikunja na kukataa kunyooka, kama mbuzi aliyegomea kamba, na Mama Sweta alipokilazimisha kikalia kama kijiti kikavu. Akakitazama kwa muda.

"Na wewe?" akakiambia. "Hukuona wiki nyingine ila hii?"

Wote walimwita Mama Sweta, wakubwa kwa wadogo, hata mwanawe wa kumzaa alipokuwa akimwelekeza mgeni njia ya nyumbani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefuma sweta za shule kwa sindano mbili, ameketi kwenye kiti kilekile kando ya dirisha, mfuko wa nyuzi ukining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake ili panya wasijitandikie. Zamani alifumia shule tano. Zilimwacha moja baada ya nyingine, bila ugomvi, kwa adabu, kama wageni wanavyoaga msibani: huyu ana safari, yule ana mgonjwa, mwingine kanyanyuka tu kimya kimya. Ikabaki shule moja.

Na hiyo moja, mwalimu mkuu wake alikuwa amemwita Jumatatu. Ni mwanamke mwenye sauti ya chini na meza iliyojaa makaratasi. Akamwambia kwamba watu wa karakana ya mashine za kufuma nao wamekuja kuomba kazi hiyo.

"Sitaki kukuficha, Mama. Niletee sweta moja ya mfano Ijumaa, ya mtoto wa miaka minane. Nao wataleta yao. Nitaziweka mbili hapa mezani nichague moja, halafu atakayechaguliwa ndiye atakayevisha wanafunzi wapya wote. Usininunie."

"Sikununii, mwalimu."

Alinuna njia nzima.

Hakuwa mzee wa kusema mzee. Lakini alikuwa na ule uchovu ambao usingizi hauuondoi. Ulikuwa kwenye shingo, ulikuwa kwenye macho, ulikuwa kwenye kuulizwa kila siku, "Bado unafuma tu?" kana kwamba kufuma ni kikohozi, na kwa dawa nzuri kingekwisha. Jirani yake, fundi cherehani wa barazani, ndiye aliyezidi.

"Mama Sweta! Mashine inatoa sweta kabla chai haijapoa," alimwambia Jumanne, aliposikia habari. "Wewe chai inapoa, inaingia inzi, inzi anazeeka, bado hujafika kwenye ukosi!"

"Na ile suruali uliyomshonea mwenye duka ilipasuka lini?"

"Alipoinama."

"Basi nyamaza."

Fundi alicheka mpaka akasahau mguu kwenye kanyagio, sindano ikatembea peke yake. Mama Sweta hakucheka. Alikuwa amekwisha kurudi ndani, kwenye mgongo wa sweta.

Jumanne hiyo alimaliza mgongo na kifua. Mkono wa kulia aliumaliza Jumatano alfajiri. Alikuwa ameanza wa kushoto, safu kumi na mbili, kidole kilipogoma.

Mkamwana wake alikuwa ameketi kizingitini akichambua mchele. Mumewe, mwana wa Mama Sweta, ni dereva wa lori, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa ya wanawake hao wawili na ukimya wao. Mkamwana alikuwa akijifunza kufuma kwa mama mkwe kwa miaka miwili sasa. Alifuma midomo ameibana, uzi ameukamata kama anavuta ndoo kisimani na akilegeza itazama. Mama Sweta alimwachia kofia za watoto wachanga na skafu. Sweta ya kutoka nje ya nyumba hakuwahi kumwachia.

"Mama, nipe nikumalizie."

"Umalizie nini?"

"Huo mkono. Tangu hapo nakuona unapigana na kidole."

Mama Sweta alijaribu safu moja zaidi. Kitanzi kikaponyoka, akakidaka, kikaponyoka tena. Akachomoa sindano, akauvuta uzi mpaka zile safu kumi na mbili zikawa si kitu, akamkabidhi donge.

"Mkono ulioanzwa na mtu mwingine haumaliziki. Anza wako mwanzo. Vitanzi kama vya mwenzake, safu sabini na nane. Hesabu, usipime. Tepu hulegea, hesabu hailegei."

Hilo la mwisho mkamwana alilijua kwa moyo. Alikuwa amelisikia kuliko salamu.

Akafuma Jumatano yote. Akafuma na Alhamisi asubuhi, midomo imebanwa, akihesabu kwa kunong'ona. Mama Sweta alipika yeye siku hizo mbili, na ugali wake wa mkono mmoja ukawa na madonge, na hakuna aliyelisema hilo. Adhuhuri ya Alhamisi mkamwana akakata uzi. Akautandika mkono wake juu ya ule wa mama mkwe, kwenye godoro, akilainisha kwa kiganja. Alikuwa anatabasamu. Halafu tabasamu likamkaukia.

Mkono wake ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Na mwembamba.

Wakahesabu. Sabini na nane. Mama Sweta akauchukua akahesabu mwenyewe dirishani, kwa ncha ya sindano, kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kuja chini. Sabini na nane.

"Nimekosea wapi, Mama?"

Mama Sweta aliurudisha mkono godoroni bila kumtazama. Mkamwana akadhani ni hasira, akajikunyata.

"Hujakosea," akasema.

Alijua kwamba kila mfumaji huvuta uzi kwa namna yake. Sweta aliyoifuma yeye angeitambua sokoni, mgongoni mwa mtu anayekimbia. Uzi wake ulikuwa huru, wa mtu aliyefuma huku akiongea na watu dirishani. Wa mkamwana ulikuwa umekaza, wa mtu aliyejifunza huku anatazamwa. Hilo alilijua. Ila hakuwahi kufikiri kwamba hata hesabu ilikuwa yake peke yake. Miaka yote ile hakupima kwa sababu hakuwahi kufuma na mtu. Safu zake sabini na nane zilikuwa urefu wa mkono wa mtoto wa miaka minane. Kwa mtu mwingine zilikuwa namba tu.

Muda haukuwepo. Kidole nacho kilikuwa kama msumari uliopinda.

"Lete beseni," akasema. "Maji ya vuguvugu. Na pini zote zilizomo humu ndani, hata za nywele."

Mkamwana alileta. Alipoona mkono wa sweta unazamishwa, akaelewa, akasita.

"Mama, si ulisema hivi ni kudanganya watu?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa shika hapo."

Wakauvuta, mmoja huku, mwingine kule, wakaupiga pini kwenye godoro mpaka ulingane na mwenzake. Ukalingana. Ukakaa pale kama mtu aliyefungwa kamba, ukikauka kwa upepo wa dirishani. Mama Sweta hakuutazama tena siku hiyo. Ijumaa mapema mkamwana aliunganisha vipande vyote, mama mkwe akielekeza kwa kidevu, na saa tatu walikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Ya mashine ilikuwa imetangulia. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, nyepesi, imenyooka, nembo ya shule kifuani inang'aa kama sahani mpya. Mwalimu mkuu akaitoa, akaiweka kando ya ile ya mkono. Kisha akamwita binti mmoja wa darasa la pili, mwenye mapengo mawili ya meno, azivae.

Binti akavaa ya mashine, akasimama wima. Akajikuna shingo. Akaambiwa ageuke, akageuka, akajikuna tena.

Akavaa ya Mama Sweta. Mwalimu mkuu akaipitisha mikono mabegani, akaivuta ukosi, akaigeuza pindo kutazama ndani, mahali ambapo kazi mbaya hujificha.

"Hii nzito," akasema. "Hii ni sweta, Mama. Tazama ukosi ulivyokaa."

Simu yake ikalia. Akatoka nayo barazani, wakamsikia akibishana na mtu juu ya madawati.

Binti akakunja mkono wa kulia, akaukunjua. Akakunja wa kushoto.

"Bibi," akasema polepole, kama anayeogopa kuvunja kitu, "huu mkono unanibana."

"Unabana wapi?"

"Hapa kwenye kiwiko. Huu mwingine haunibani."

"Utalegea ukizoea," mkamwana akawahi, macho sakafuni.

Binti akaitikia kwa kichwa. Aliamini. Akaukunja mkono mara ya pili taratibu, akijizoeza pale pale, asimkwaze mtu. Mama Sweta alimwona anavyojizoeza, na uchovu wote wa wiki ile ukamshukia, akatafuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

Mwalimu mkuu akarudi.

"Nisiwapotezee muda. Nachukua ya mkono. Ya mashine ni nzuri, lakini hii mtoto ataivaa mpaka amrithishe mdogo wake. Ni sitini, Mama. Utaweza?"

Mkamwana akavuta pumzi. Palihitajika neno moja tu, "asante", na neno hilo lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi wa Mama Sweta.

"Ifue kwanza," akasema.

"Nini?"

"Mwalimu, ifue kwanza hiyo. Ukiifua, mkono wa kushoto utapanda vidole viwili. Tumeuvuta kwa maji."

Mwalimu mkuu akainama, akailinganisha mikono miwili ya sweta mbele ya binti. "Mbona iko sawa?"

"Leo iko sawa."

Akamweleza. Kidole, hesabu, beseni, pini. Hakupamba. Aliposema "ni kosa langu, yeye alifuma nilivyomwambia," mkamwana aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu waingie. Mwalimu mkuu alimvua binti sweta, akampa biskuti iliyokuwa kwenye droo, akamwambia arudi darasani. Kisha akakaa.

"Mimi nisingejua. Ungeniambia baadaye watoto wameifua vibaya, ningeamini. Kwa nini umesema?"

"Huyo mtoto ameshaniambia," Mama Sweta akajibu.

Nje kengele ikagongwa, vishindo vya miguu vikamwagika uani.

"Sitini hutaweza," mwalimu mkuu akasema, si kama swali.

"Siwezi."

Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa sauti mbele ya mteja. Alikuwa amelikwepa tangu shule ya kwanza ilipomwacha, akidhani siku atakayolisema paa litaanguka. Akalisema, na paa likabaki juu.

"Wakubwa nitawapa watu wa mashine, sina budi," mwalimu mkuu akasema. "Ila nina wadogo wa chekechea, kumi na wanane. Kwa saizi zao karakana inataka niagize mia mbili ndipo wawashe mashine. Mia mbili niwatoe wapi, niwazae? Hao wadogo naweza kuwaacha kwenu. Lakini niambie ukweli, Mama, maana leo naona umeamkia ukweli: nani atafuma? Nikisema mfume wote wawili mtanirudishia mikono ya mawifi waliogombana."

Mama Sweta alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani. Akamtazama mkamwana. Alikuwa amemtazama miaka miwili akitafuta makosa, na sasa aliona vidole tu: vyembamba, vyekundu kwenye ncha kwa kuvuta uzi siku mbili mfululizo.

"Yeye," akasema. "Mgongo, kifua, mikono, ukosi. Mimi sitagusa."

"Mama!"

"Nini?"

"Mimi nakaza."

"Kaza. Sweta ikikaza yote haimbani mtu, unaongeza vitanzi. Nami nitakuwa dirishani nikiongea na fundi, hutaniona hata nikikutazama."

"Utanitazama tu."

"Nitakutazama kidogo."

Mwalimu mkuu alisema kama ni hivyo wawapime watoto sasa hivi, kabla hawajaenda nyumbani. Wakapelekwa darasa la chekechea, chumba chenye herufi ukutani na viti vya kimo cha kuku. Mkamwana akapiga magoti. Mtoto wa kwanza akanyoosha mikono kama anayetaka kubebwa. Mkamwana akampima bega, akampima mkono, akaandika mwenyewe kwenye daftari la kuazima, kwa mwandiko mkubwa. Kwa mtoto wa tatu alikuwa ameacha kugeuka nyuma kuuliza.

Mama Sweta alikuwa amepewa kimoja cha vile viti vidogo. Magoti yalimfika karibu na kidevu. Mikono aliilaza mapajani, wa kulia juu, na kwa kuwa haikuwa na la kufanya ilionekana mikubwa, kama ya mtu mwingine aliyemwachia aishike. Mtoto mmoja wa mwisho kwenye foleni alichoka kusubiri, akaja kumwegemea ubavuni.

"Wewe unafanya nini?" akamuuliza.

"Nimekaa."

"Umechoka?"

"Sana."

Mtoto akalifikiria hilo. "Hata mimi," akasema, akajisogeza zaidi, na Mama Sweta akampisha nusu ya kiti.