Sifuri ya Wifi Yangu

Nilisoma mpaka kidato cha nne na hesabu nazijua, kwa hiyo msidhani aibu niliyoipata ni ya ujinga.

Wifi yangu Mwanaidi, ninayekaa naye hapa Bagamoyo, alirudi kutoka shule na sifuri. Kazi ya nyumbani ya hesabu ilikuwa kuthibitisha kwamba saini ya pembe kwa kipeo cha nne toa kosaini kwa kipeo cha nne ni sawa na saini kwa kipeo cha pili toa kosaini kwa kipeo cha pili. Kwa sifuri hiyo angerudia kidato, na mimi nilijua kazi ile ni sahihi. Nikambeba mwanangu mgongoni, nikaingia darasani hata salamu sikutoa.

“Mwalimu, mtoto wa watu umempa sifuri kwa lipi?”

“Karibu kwanza, bibie…”

“Sikaribii! Lete chaki!”

Upande wa kushoto nikauvunja ubaoni katika mabano mawili. Bano moja lilijumlisha saini na kosaini kwa vipeo vya pili, na jumla hiyo siku zote ni moja, nikaliondoa. Likabaki lile lile lililotakiwa. Wanafunzi wakapiga makofi, nami kifua mbele.

“Haya, kosa liko wapi?”

“Kosa hakuna, bibie. Sijaona aliyeithibitisha vizuri hivi.” Akafungua daftari la Mwanaidi, akaliinua kando ya ubao, darasa zima lione. “Ila kazi hii nilimpa Mwanaidi, na mwandiko wa humu na wa ubaoni ni mmoja.”