Kitufe cha M na Maji ya Mwea

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kwa sababu ya herufi moja tu. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea mwisho. Niliacha shule mapema, nikawa mtu wa kuzurura nikichokonoa mashine za watu, na miguu ikanifikisha Nyeri, kwenye duka la Wangari la kupiga chapa.

Mzee Muriithi, mfungua maji wa mashamba ya mpunga kule Mwea, alikuwa amekaa kwenye benchi. Mkewe alifia hospitali ya mjini na mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Alitaka karatasi za wasifu wa marehemu. Lakini kitufe cha M cha kompyuta ya duka kilikuwa kinakufa: ukikigonga kwa nguvu kinaitika, ukikigusa kimya. Utaandikaje marehemu, mama, Mungu?

Kompyuta ile ilitumia Linux, mfumo ulio wazi kwa yeyote kuurekebisha. "Tuhamishe M ikae kwa X," nikamwambia Wangari. "X iko na kazi gani kwa Kiswahili?"

"Haya, fundi wa barabarani. Ukiniulia mashine utanijua."

Kila kitufe kina namba yake. Nikaandika namba na herufi, nikataka kuviweka moja kwa moja kwenye faili ambalo mashine husoma kila inapowaka.

"Umejaribu?" Mzee akauliza.

"Hakuna haja, Mzee."

Akasimama. "Wee kijana! Sisi tukichimba mfereji mpya, ile ya zamani hatufungi mpaka tuone maji imefika kwa mpunga. Hiyo ni bibi yangu unachezea. Jaribu kwanza!"

Nikanuna, lakini nikajaribu bila kuhifadhi. Nikabonyeza Enter, amri ikapita. Nikabonyeza tena: skrini ikaandika m. Tena: mm. Jasho likanitoka. Nilikosea namba, nikaweka ya Enter badala ya ile ya X, na bila Enter mashine haisikii amri. Wangari akashika kichwa.

Nikaizima, nikaiwasha. Giza. Nikasali sala zote nilizojua. Ikarudi, Enter ikiwa Enter, kwa kuwa sikuwa nimehifadhi kitu. Nikasahihisha namba, nikajaribu, ndipo nikahifadhi. Karatasi ya kwanza ilipotoka, Mzee aliweka kidole chini ya jina la mkewe, Muthoni, akakiacha hapo.

Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Sikukatazi kubadilisha mambo. Mimi mwenyewe bado nachokonoa. Ila jaribu kwanza pale unapoweza kurudi nyuma, hasa ukishika kitu ambacho mwenzako hana kingine. Mungu akupe mikono myepesi, na moyo wa kungoja maji yafike.