Akiomba Wafungwe, Akiomba Washinde

Saa moja asubuhi, Jumatatu. Mama Dobi ameinamia beseni la tatu, povu limemfika viwikoni. Jezi za bluu zimejaza kamba kutoka mlangoni kwake hadi ukuta wa jirani. Hana haja ya kuuliza matokeo ya jana.

"Wamefungwa," anasema bila kuinua kichwa. "Wakishinda hawaniletei hata soksi."

Ndiyo sheria ya mashabiki, waumini hawa wa mpira. Timu ikishinda jezi haifuliwi, maana kuifua ni kuosha bahati. Itanuka na itavaliwa hivyo hivyo. Kufa kufaana: wao wakilia, chungu cha Mama Dobi kinachemka. Msimu uliopita timu ilicheza mechi tisa bila kufungwa, na nyumba hii ikala mlo mmoja kwa siku.

Kama ushabiki ni dini au si dini, wenye nafasi na wabishane. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na mitatu, vidole vimechubuka kwa sabuni, ameolewa na muumini. Mumewe, fundi bomba, hajaonekana kwenye nyumba ya ibada tangu harusi yao, lakini siku ya mechi hafungui kinywa kwa chakula mpaka filimbi ya mwisho.

Mwaka jana, siku mbili kabla ya fainali ya kombe, jezi yake ilijichanganya na mashuka ya wateja. Mama Dobi akaifua, akaipiga pasi, akaitundika. Fainali ikapotea kwa bao la dakika ya mwisho.

Mume hakupiga wala kutukana. Alikusanya nguo zake akahamia kwa dada yake, mtaa wa pili, na jezi akaiacha.

"Aliniambia, 'Umetufungisha,'" anasimulia, na hapa mikono inasimama. "Hakusema nimemkosea yeye. Nimewafungisha. Uwanja mzima ule, mimi na kipande changu cha sabuni."

Inauma zaidi kwamba majirani walikwenda kumpa mume pole. Mama Dobi hakupewa na mtu. Wifi yake alikuja mara moja tu, kumwambia avumilie: kaka atarudi siku kombe litakaporudi.

"Basi nifanyeje? Wakishinda nina mume na njaa. Wakifungwa nashiba peke yangu."

Fainali nyingine ni Jumamosi hii. Nyuma ya mlango imetundikwa jezi ile ile, kwapa zimeiva kwa jasho, kola imekuwa nyeusi. Mechi tatu za kombe mwaka huu ameivaa yeye mwenyewe akipiga pasi, na zote tatu wameshinda. Jana, mechi ya ligi, hakuivaa.

Anapoulizwa kama naye ameshaongoka, anakamua jezi ya mteja mpaka tone la mwisho.

"Mimi siamini mambo hayo," anasema. "Ila ile siifui."