Msumari upande wa dirisha

Karani wa bureau yetu ya Bulengera, ile ofisi inayoandika malalamiko ya watu walioumia kazini, ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Benchi la wageni lina msumari uliochomoza upande wa dirisha, na kila mgeni anaonywa kabla hajakaa: "Mama, ukae huku. Kule kuko musumari." Nyundo anayo, imelala kwenye droo pamoja na mihuri. Ukimuuliza mbona haupigi, anafuta miwani kwa ncha ya shati na kusema, "Tutaupiga tu. Hapana haraka."

Jumanne alikuja patron, tajiri mwenye usine ya kahawa, kile kiwanda ambako mashini isiyo na kifuniko ilikata vidole viwili vya Mama Orpa. Mama Orpa mwenyewe alikuwa ameketi pale, mkono kwenye bandeji. Patron hakusalimia. "Andika," akasema. "Kosa hapana ya mashini. Huyu mama alipashwa kuangalia fasi anaweka mukono!" Karani akaandika neno kwa neno, akamsomea, akamsainisha, kisha akamkaribisha kwenye benchi, upande wa dirisha, kwa adabu zote. Patron akakaa. Akaruka akipiga kelele, suruali imechanika, akidai bureau imlipe. Karani akafungua ukurasa mpya. "Ndiyo, patron, tunaandika," akasema kwa sauti ileile. "Lakini kwanza: uliangalia fasi unakaa?" Mama Orpa akaficha kicheko nyuma ya bandeji. Patron alipoondoka, karani akatoa nyundo kwenye droo, akaupiga ule msumari mara moja tu.